Ofu yangu si akiba ya kampuni

Binti yangu alikuwa darasa la tatu alipogundua namna rahisi ya kusoma rosta yangu. Marubani tunaandikiwa zamu kwa saa ya Greenwich, ile tunayoiita Zulu, ili aliyeko Dar es Salaam na mwongozaji wa ndege aliyeko Lusaka wasipishane. Sisi tuko mbele ya saa hiyo kwa saa tatu. Rosta ikiandika 0500, saa ya ukutani inaonyesha nane, na nyumbani tunasema saa mbili asubuhi. Mtoto aliitazama karatasi iliyobandikwa kwenye friji, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, mbona rahisi? Toa tatu tu." Ni kweli. Tano toa tatu, mbili. Miaka yote nilikuwa najumlisha tatu halafu natoa sita kichwani, na mama yake akipiga simu kuuliza kama nitawahi futari, nilichukua muda kumjibu.

Tangu siku hiyo yeye ndiye msomaji wa rosta nyumbani. Ikitoka mwishoni mwa mwezi, anachukua kalamu ya kijani na kupaka siku zangu za mapumziko, zile ambazo kazini kila mtu anaziita ofu. Kalamu nyekundu anaitumia ofu inapofutwa. Mwezi mmoja mwaka jana, siku tisa za kijani zilibaki nne. Makala haya nayaandika kwa sababu ya ile kalamu nyekundu.

Narusha ndege ya mapangaboi, abiria sabini na kitu, safari za nchi jirani na za ndani: Dodoma, Mwanza, Songea, Mtwara, Kigoma, Zanzibar. Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii na bado naipenda kama siku ya kwanza. Asubuhi ya masika, ukitoka juu ya mawingu ukauona Kilimanjaro umesimama peke yake kama kisiwa, huwezi kumuonea wivu mtu yeyote mwenye kazi nyingine. Sisemi haya kwa kuichoka kazi.

Watu wengi wanaamini rubani anafanya kazi kidogo na kulipwa kingi. Nafahamu imani hiyo inakotoka. Kanuni za Ulaya zinamtaka rubani asizidishe saa 900 za kuruka kwa mwaka wa kalenda, wala saa 100 katika siku 28 mfululizo. Marekani mpaka ni saa 1,000 katika siku 365. Kanuni za anga za hapa nchini nazo zina mipaka yake. Mwenye hesabu atagawa 900 kwa miezi kumi na miwili, apate saa 75 kwa mwezi, kisha aulize kwa haki kabisa: hawa wanalalamika nini?

Ila saa hizo zinaanza kuhesabika ndege inaposogea kwa ajili ya kuruka, na zinakoma inaposimama. Hazimo saa za kukaa Dodoma ukisubiri mzigo upakuliwe, wala saa ya kusoma hali ya hewa na kupiga hesabu ya mafuta, wala simuleta, wala siku ya kupimwa afya. Ndiyo maana kanuni hizo hizo za Ulaya zina hesabu ya pili, ya saa zote za kazi, ambazo zisizidi 60 katika siku saba na 190 katika siku 28. Na hata hesabu hiyo ya pili haiigusi barabara. Mimi naishi Kigamboni, upande wa Mjimwema. Zamu ikianza saa kumi na mbili asubuhi, naamka saa tisa usiku, navuka daraja, napita Kurasini, nashika Mandela hadi Tazara, kisha Nyerere mpaka uwanjani. Kuamka saa tisa si kazi kubwa. Kazi ni kulala saa mbili usiku, adhana ya isha ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, watoto hawajamaliza kula, na mtaa wa pili kuna kigodoro kinachofunga spika. Mapumziko niliyopewa kwenye karatasi ni saa kumi na moja. Usingizi nilioupata ni saa tano.

Lakini uchovu wa mwili si mada yangu peke yake. Kwetu sisi maisha binafsi hayaishii kwa mke na watoto na mchezo unaoupenda. Kuna mazishi, kuna harusi, kuna hitima, kuna kikao cha ukoo kuhusu shamba la marehemu babu. Pwani maiti haisubiri. Mtu akifariki alfajiri, akizikwa baada ya adhuhuri watu wanaona ndivyo ilivyo. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mzee aliyemfundisha mwanangu kuendesha baiskeli, alifariki nikiwa nimelala Kigoma kikazi. Nilipofika nyumbani kesho yake kaburi lilikuwa limeshafukiwa na turubai limeshushwa. Nilikwenda kutoa mkono wa pole kwa wafiwa, wakanipokea vizuri. Barazani nikamsikia mtu akimwambia mwenzake, bila kunong'ona wala kunificha, kwamba Kapteni hazikani na watu.

Mahali pengine duniani neno hilo ni dogo. Mtaani kwetu ni hukumu. Asiyezika wenzake atazikwa na nani? Nimekosa mazishi mengi kuliko ninayoweza kuyataja hapa, na harusi za binamu zangu wawili, na siku ambayo mwanangu wa kwanza alihitimu madrasa na kusoma mbele ya watu kwa sauti ambayo kila mmoja ananisimulia ilivyokuwa. Hakuna fidia ya haya, wala siidai. Rubani anajua tangu chuoni kwamba baadhi ya siku zitakwenda. Ninachodai ni kwamba zile zilizobaki ziwe zangu kweli.

Sasa niseme habari ya ngalawa.

Neno rubani halikuanzia angani. Mabaharia wa pwani hii walimwita rubani yule aliyejua njia ya kupita kwenye miamba na mlango wa bandari, akakiongoza chombo cha nahodha hadi salama. Ndege zilipokuja, Kiswahili kikalichukua neno la baharini na kulipandisha juu. Baba yangu mkubwa, ambaye hajapanda ndege hata mara moja, ndiye rubani wa kwanza niliyemjua. Ana zaidi ya miaka sabini, na ngalawa yake ni ya mwembe, ndubi mbili, tanga lililotiwa viraka vya turubai la bluu. Mimi na yeye tukipata nafasi tunatoka nayo hadi karibu na Sinda, tunatupa mshipi, tunarudi. Samaki tunaopata hawatoshi kuuza. Kule hakuna redio, hakuna orodha ya kukagua, na anayeamuru ni yeye. Mimi nashika tanga na kukumba maji. Tukiwa majini sijawahi kufikiria ndege kwa zaidi ya dakika moja. Nikirudi kazini siku ya pili, mikono ikiwa na malengelenge ya kamba, nakuwa rubani bora kuliko nilivyokuwa juzi yake. Hilo nalijua kwa namna ninavyosikiliza, kwa namna ninavyomvumilia rubani msaidizi mgeni anayekosea.

Chombo cha mbao kina sharti lake. Kikikaa mchangani muda mrefu kinakauka na kupasuka, na ukikishusha majini kinavuja kama kikapu. Lazima kitoke. Na kwa pale tunapokiegesha, juu kabisa ya ufukwe, kinashuka vizuri wakati wa bamvua tu, maji yanapojaa hadi mizizi ya mivinje. Bamvua ya Dar es Salaam huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Kwa hiyo nina nafasi kama mbili kwa mwezi. Jedwali la kupwa na kujaa hutoka kwa mwaka mzima. Leo hii naweza kukuambia maji yatajaa saa ngapi siku fulani mwezi wa Disemba. Siwezi kukuambia kama keshokutwa nitakuwa nyumbani.

Jumamosi moja ya kaskazi, iliyopakwa kijani kwenye friji, niliamka saa tisa usiku. Saa kumi maji yakiwa juu tulisukuma, tukapandisha tanga kwa upepo wa nchi kavu. Simu niliifunga kwenye mfuko wa nailoni, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu sikuizima. Ililia saa kumi na moja na robo, tukiwa tumeshapita mwamba. Mwenzako ameugua, hakuna mtu mwingine, Kapteni tunaomba utusaidie. Nilikuwa na haki ya kukataa. Siku ya ofu hata kupokea simu si lazima. Lakini kila aliyeajiriwa anajua haki iliyoandikwa inavyofanana na isiyoandikwa pale anayekupigia ndiye anayepanga nani atakwenda wapi mwezi ujao. Nikasema nakuja. Baba mkubwa hakuuliza kitu. Alinitazama, akageuza usukani.

Niliripoti saa tatu asubuhi. Dar, Mwanza, Kilimanjaro, tena Mwanza, Dar. Kwa karatasi nilikuwa mtu aliyetoka mapumziko, mbichi kabisa, na saa zangu zilianza kuhesabiwa nilipotia saini. Saa mbili kasoro usiku, tukishuka kuelekea Dar es Salaam, mwongozaji aliita namba ya safari yetu mara mbili, na mimi sikusikia. Sikuwa nimesinzia. Macho yalikuwa wazi, mkono uko kwenye usukani, naziona taa za jiji. Sauti ilipita tu. Rubani msaidizi, kijana wa miaka ishirini na saba, alijibu kwa niaba yetu, akaligusa kidogo bega langu, akasema taratibu, "Kapteni, futi elfu tatu." Tukatua salama. Abiria walishuka, wengine wakasema asante mlangoni, mtoto mmoja akapunga mkono.

Nilifika nyumbani nikakaa kwenye gari nje ya geti muda mrefu. Nilihesabu: saa tisa usiku hadi saa mbili usiku, saa kumi na saba. Mwaka 1997 watafiti wawili nchini Australia, Dawson na Reid, walichapisha matokeo ambayo sisi marubani tunafundishwa darasani: mtu aliyekaa macho saa kumi na saba anatenda kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Nchi nyingi za Ulaya mtu wa kiwango hicho haruhusiwi kuendesha gari. Nililijua somo hilo, nimelifanyia mtihani, nimefaulu. Na bado nilikuwa nimebeba watu.

Kesho yake nilipiga simu kuomba nisipangwe kwa sababu ya uchovu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Aliyepokea hakuwa na ukali, aliuliza kwa mshangao wa kweli: "Umechoka na nini, Kapteni? Si ulikuwa ofu?"

Swali hilo ndilo ninalolijibu hapa gazetini, kwa sababu kwenye simu nilishindwa. Ofu iliyovunjwa inaendelea kuhesabiwa kuwa ofu. Nilipoamka usiku kwa ajili ya maji, nilikuwa natumia siku yangu nilivyotaka, na ilikuwa haki yangu, kwa kuwa jioni ningelala. Kampuni ilipoichukua siku hiyo katikati, iliichukua pamoja na saa zote nilizokwisha kuzitumia. Mtu mwingine angekuwa amekesha harusini. Mwingine angekuwa ametoka Morogoro alfajiri kumpeleka mama yake kliniki. Siku ya mapumziko ni siku ambayo mtu anaruhusiwa kuchoka kwa mambo yake. Ikigeuzwa kuwa akiba ya kuchotwa wakati wowote, rubani mwangalifu atabaki na njia moja tu, kutofanya lolote: alale, anyamaze, aingoje simu. Wapo wenzangu wanaoishi hivyo. Wameacha mpira, wameacha kwaya, wameacha kwenda shamba. Ukiwauliza wanafanya nini siku za ofu wanasema wanapumzika, na nyuso zao hazionyeshi kupumzika.

Dunia imeshalipa kwa kuyapuuza haya. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air, mapangaboi kama yangu, ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, ikaua watu 50, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba yake. Uchunguzi ulikuta rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kufika kituo chake cha kazi, na rubani mkuu naye aliishi mbali, jimbo la Florida. Kilichoiangusha ndege ni jinsi rubani alivyoitikia onyo la kupoteza kasi, na wachunguzi walisema uchovu huenda uliathiri utendaji wao ingawa kiasi chake hakikuweza kupimwa. Familia za waliokufa hazikukubali jambo liishie kwenye makabrasha. Walikwenda Washington mara kwa mara hadi kanuni za mapumziko zikaandikwa upya na kuanza kutumika Januari 2014. Siku hizi rubani wa abiria wa Marekani lazima apewe angalau saa kumi za mapumziko kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya saa nane za kulala bila kukatizwa. Fundisho ninalolichukua kwao ni kwamba kazi ya rubani haianzii getini uwanjani. Alikotoka, alikolala, alichokuwa akifanya jana, vyote vinapanda naye ndege.

Najua upande wa pili utasema nini, na nina heshima nao, maana nimekaa na watu wa kupanga rosta na nimeona wanavyohangaika. Mashirika yetu yana ndege chache. Moja ikiugua Mbeya, ratiba ya siku tatu inavurugika na watu wa mikoa minne wanalala uwanjani. Mwenye kupanga anapiga simu kwa sababu ana abiria mia mbili wanaomtazama. Ni kweli. Lakini upungufu huo unajulikana. Kila mwaka watu wataugua, kila mwaka ukungu utafunga uwanja wa Songwe, kila mwaka tairi litapasuka. Jambo linalojulikana hupangiwa watu wa zamu ya kusubiri, wanaolipwa kukaa tayari, waliolala wakijua wanaweza kuitwa. Kuwapunguza hao ili kuokoa mshahara, kisha kuziba pengo kwa siku za kijani za watu wengine, ni kukopa bila kumwambia mwenye mali.

Ningependa mamlaka na waajiri wakubaliane angalau siku mbili kila mwezi ambazo rubani anazichagua mwenyewe na hakuna anayeweza kuzigusa, hata kwa kuomba. Kuomba ndiko kunakotumaliza. Kwingineko, Marekani hasa, marubani huomba safari na siku zao kila mwezi na kupewa kwa kufuata ukongwe kazini, kwa hiyo wazo la rubani kuwa na sauti juu ya kalenda yake si geni. Na pale dharura inapolazimu kumpigia mtu, swali la kwanza lisiwe utafika saa ngapi. Liwe umeamka saa ngapi. Kama ningeulizwa hivyo Jumamosi ile, ningejibu ukweli, na aliyeuliza asingekuwa na la kufanya ila kumtafuta mwingine.

Kwa upande wangu sijifichi. Sheria inamtaka rubani mwenyewe aseme hapana akijua hafai, na mimi sikusema. Nilimwambia hivyo yule kijana aliyeniokoa, na nikamshukuru mbele ya wenzetu. Ndipo aliponieleza kwamba alikuwa mpiga kinanda wa kwaya ya kanisani kwao Ukonga tangu kidato cha pili. Mazoezi ni Jumatano na Jumamosi. Baada ya kukosa majuma sita katika manane, mwalimu wa kwaya alimwita pembeni, akamwombea, akampa kinanda mtu mwingine. "Hakunifukuza, Kapteni," alisema. "Aliniambia nikipata nafasi nije niimbe tu."

Siku ya Pasaka alikuwa na safari ya Songea na mimi nilikuwa ofu. Jedwali lilionyesha maji mafu, ngalawa isingeshuka. Niliomba tubadilishane kwa maandishi siku kumi kabla, ikakubaliwa, nikalala mapema Jumamosi, nikaenda Songea badala yake. Binti yangu aliipaka ile Jumapili rangi ya bluu, ambayo hakuwahi kuitumia. Tulipotua Dar jioni nilikuta ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye simu. Kinanda kilipigwa na yule mwingine, lakini besi mstari wa nyuma nilimtambua.